Kofia ya Marehemu Orrell

Kofia ilikuwa na joto ndani, kama iliyovuliwa sasa hivi. Wilfrid Garstang alishangaa alipoitoa kwenye kigingi katika chumba cha makoti cha Bunge, pale London, kwa sababu mwenyewe, Ambrose Orrell, mbunge mwenzake, alikuwa amezikwa tangu baridi ya mwaka uliopita na hakuna ndugu aliyekuja kuichukua. Lakini Garstang alikuwa na wivu uliomkosesha usingizi, na alikuwa na haraka.

Maisha yake yote ya ubunge alihubiri jambo moja: viti vigawanywe kwa uwiano wa kura, chama kilichopata robo ya kura kipate robo ya viti. Alilihubiri kwenye kumbi zenye vikongwe watatu na paka. Leo mjadala wenyewe umefika, na chama kimemteua Lionel Pascoe, kijana wa juzi, aufungue.

"Una sauti ya kanisani, mzee wangu," Pascoe alimtania jana wakinywa chai. "Watasinzia wote. Niachie mimi."

Desturi ya Bunge ni kwamba anayetaka kiti huweka kofia yake juu yake asubuhi, na kofia ikiwapo kiti kina mwenyewe. Kofia ya Pascoe ilikuwa imeshika kiti cha kona, kando ya njia, kinachotamaniwa na kila msemaji. Garstang aliihamishia nyuma kabisa, chini ya roshani, ambako sauti humezwa. Pale konani akaweka ile ya Orrell.

Mchana ukumbi ulijaa. Pascoe aliikuta kofia yake nyuma.

"Nani kanihamisha?"

"Imetembea yenyewe, mheshimiwa!" mtu akadakia, watu wakacheka.

Pascoe akaja hadi konani, akanyoosha mkono aiondoe ile kofia ngeni, kisha akaurudisha upesi.

"Samahani, bwana," alisema, akarudi nyuma.

Garstang, aliyekaa kiti cha pili, alimwona akisema na kiti kitupu. Kicheko kikamkauka. Mto wa kiti kile ulikuwa umebonyea.

Pascoe alianza kusema, na hata kutoka kule nyuma alisikika.

"Mtu akishindwa kwa kura chache, maelfu waliomchagua wanakuwa kama hawakuzaliwa! Hiyo ndiyo demokrasia?"

Ndipo harufu ya pipi ya mnanaa, aliyoimumunya Orrell hadi siku ya kufa, ikamjia Garstang ikiwa imechanganyika na udongo uliolowa, na ubaridi ukampanda toka bega lililogusana na kiti kile hadi shingoni, akataka kuinuka miguu ikakataa, akataka kumwita jirani ulimi ukakataa, na sauti aliyoijua, iliyowahi kuupinga mpango huu kila ulipotajwa, ikamnong'oneza sikioni polepole:

"Demokrasia ni kushinda, basi. Asante kwa kiti."

Kengele ya kura ikalia. Wabunge wakapita, wa Ndiyo mlango huu, wa Siyo mlango ule, wakihesabiwa. Garstang, miguu ikiwa imemrudia, alipita Ndiyo. Spika akatangaza: mpango umeanguka kwa kura moja.

Ukumbi ulipokwisha kuwa mtupu, Garstang alibaki pale pale. Tapscott, bawabu mzee, akamsogelea.

"Mheshimiwa, kule Siyo vichwa vilivyohesabiwa vimezidi majina yaliyoandikwa," alisema kwa sauti ya chini. "Kimoja. Bila hicho kura zingekuwa sare, na kwa sare Spika angeuacha mjadala uendelee. Lakini ameshatangaza, haibadilishwi tena." Akaitazama kofia. "Nani kaiweka hii ya Orrell?"

Garstang akainamisha uso.

"Mheshimiwa! Umemshikia nafasi maiti?"

"Nilitaka tu yule kijana akae nyuma. Iondoe, Tapscott, nakusihi."

"Siigusi. Aliyemkaribisha ndiye amtoe."

Garstang akainyanyua kwa mikono miwili. Ilikuwa baridi, nyepesi, kofia tu. Mto ukainuka taratibu. Harufu ikapotea, naye akavuta pumzi akalia kimya kimya, kwa kuwa kazi ya umri wake ilikuwa imekufa kwa mkono wake mwenyewe.

Tapscott akaenda mlangoni kupaza mwito wa kufunga Bunge, uliobaki tangu zama ambazo wabunge walisindikizana njiani kwa kuogopa wanyang'anyi. Siku hizi hakuna anayeuitikia.

"Nani aenda nyumbani?"

Kofia ikaanza kupata joto mikononi mwa Garstang.

"Sisi wawili," sauti ikaitika nyuma ya bega lake. "Mimi na Garstang."