Bega la Kulia

Harufu ilikuwa begani. Bega la kulia la shati la mumewe, na kidogo kwenye kola upande huohuo, basi. Msusi aligeuza shati nje ndani, akanusa makwapa, akanusa kifua, akanusa bega la kushoto, akarudi tena la kulia. Mafuta ya nywele. Hayakutoka kwenye saluni yake, maana kila chupa iliyokuwa kwenye rafu zake aliijua kwa pua kabla ya kuijua kwa jina. Haya yalikuwa mazito, ya maua, ya kizamani kidogo, mafuta ya mwanamke anayejua kujipenda.

"Kumbe," alisema peke yake mbele ya beseni la nguo.

Tusidanganyane, Msusi alikuwa na wivu tangu zamani. Mumewe alikuwa mpima ardhi, mtu mpole wa suruali zenye vumbi, na hata akichekewa na muuza mboga alihojiwa njia nzima mpaka nyumbani. Lakini safari hii Msusi hakuona hata la kuhoji. Kuna mwanamke alilaza kichwa kwenye bega la mume wake, akakiacha pale mpaka mafuta yakaingia kwenye nyuzi.

Kesho yake wifi yake, dada wa mumewe, alikuja saluni kusukwa. Msusi akamweleza huku akimvuta nywele kuliko ilivyohitajika.

"Kaka yangu?" Wifi alicheka mpaka akashika mbavu. "Yule anayesinzia na kijiko mdomoni? Nani atamtaka?"

"Aliyemtaka ameshamtaka."

"Haya, anamwonea wapi huyo mwanamke? Si wewe mwenyewe unalalamika siku hizi hatoki nyumbani? Na taratibu na kichwa changu, wifi, sijakuibia mume mimi."

Kweli, mumewe alikuwa hatoki. Tangu siku waliponunua bunduki, akitoka kazini alikuwa anarudi moja kwa moja, karibu mbio.

Bunduki ile waliinunua kwa sababu wezi walikuwa wameruka ukuta wa jirani, wakamfunga kamba na kumwachia nyumba tupu. Mpima alikuwa na kibali, na likizoni hupenda kwenda na wenzake wa kazini kuwinda nguruwe pori wanaomaliza mashamba ya watu. Wakaenda dukani wote wawili. Mwenye duka, mtu wa maneno taratibu, aliwaambia wazi kwamba bunduki ya kulinda nyumba na bunduki ya kuwindia ni vitu viwili. Ya nyumbani iwe fupi, igeuke kwenye korido bila kugonga milango. Ya porini iwe ndefu, ifike mbali. Anayetaka moja kwa kazi zote mbili akubali kupungukiwa huku na huku.

"Na bunduki inajaribiwa mwilini, kama kiatu," alisema. "Weka kitako begani, laza shavu. Ukiona imekukataa, iache, hata kama ni nzuri."

Mpima alijaribu nyingi. Msusi alipenda moja fupi, nyeusi, nyepesi. Mwenye duka naye akaisifia. Lakini mume, bila kuelekezwa na mtu, alitembea mpaka mwisho wa duka, akachomoa kutoka nyuma ya nyingine bunduki ya zamani yenye mbao nyeusi iliyong'aa, akaipandisha begani, akalaza shavu, akafumba macho. Alikaa hivyo mpaka mkewe akaona aibu.

"Hiyo hata sikuitoa kuuza," mwenye duka alisema. "Mwenyewe alifariki. Mkewe aliniletea imefungwa ndani ya shuka, hakutaka hata kuigusa."

"Nimeichagua hii."

"Hujauliza hata habari zake."

"Nimeichagua," alirudia Mpima, na sauti yake ilikuwa ya bwana harusi anayeitikia ndoa.

Msusi akasema naye ajaribu, kwani si atakaa nayo nyumba moja? Alipoiweka begani aliruka. Ilimpiga teke, bunduki isiyo na risasi hata moja, na jioni alipovua gauni alikuta bega limevilia damu. Akajiambia labda aligonga mlango wa gari.

Nyumbani waliihifadhi kama walivyoelekezwa. Kabati la chuma lilifungwa kwa bolti kwenye ukuta wa chumba kidogo cha nyuma, na ufunguo wake akawa nao mume. Risasi zikawekwa kwenye sanduku dogo chumbani kwao, na ufunguo wa sanduku akawa nao mke. Mwenye duka alisisitiza mkono mmoja usishike vyote viwili. Msusi alipenda mpango huo. Aliufunga ufunguo wake kiunoni, akatembea nao kwa maringo.

Sasa kilichomuudhi ni usafi. Bunduki haijatoka ndani, haijapiga hata kopo, lakini kila jioni lazima isafishwe. Zamani saa hizo Mpima alikuwa akikaa na mkewe kwenye kochi, akimkanda miguu iliyochoka kwa kusimama saluni kutwa. Siku hizi alijifungia chumba cha nyuma na kitambaa na kichupa cha mafuta ya bunduki, na Msusi alikaa kwenye kochi na miguu yake.

Jioni moja alipita koridoni akasikia mtu anaimba kwa sauti ya chini, kama anayebembeleza. Ilikuwa sauti ya mwanamke. Roho ilimruka, kisha hasira ikaipiku. Leo ni leo, alijisemea, leo namkamata na mtu wake. Akasukuma mlango kwa nguvu.

Ndani hapakuwa na mtu ila mumewe, ameketi kwenye kigoda, bunduki begani, shavu limelala juu ya mbao, macho yamefumba. Chumba kizima kilinuka yale mafuta ya maua.

Msusi alitazama kitako cha bunduki kilivyokaa kwenye bega la kulia. Akatazama shavu lilivyolala karibu na kola. Alitafuta namna nyingine ya kulielewa jambo lile, akaikosa.

"Nani alikuwa anaimba?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Funga mlango," mumewe alijibu bila kufumbua macho. "Hapendi upepo."

Siku zile zilizofuata alikuta ungo wake wa nywele za kusukia umetawanywa, kitana chake kimekatika meno, na kwenye mto wake, upande wake wa kitanda, pamebonyea kama kuna mtu ametoka kulala hapo sasa hivi. Nasi tumweleze kama alivyo: mtu mwingine angekimbia nyumba. Msusi alibadilisha foronya, akaupiga ule mto ngumi, akaulalia kwa nguvu zote.

Kisha ikaja ile siku ya mvua. Saluni hapakuwa na wateja, akafunga mchana, akarudi nyumbani amelowa chapachapa, akafungua mlango wa mbele kwa ufunguo wake, akavua viatu, akaita kama anavyoita siku zote kwamba amerudi, na hakujibiwa, ila kule mwisho wa korido, ambako mwanga wa mchana haukufika vizuri, aliona kitu kirefu kikiinuka taratibu, akaona mkono wa mumewe, akaona shavu la mumewe, na juu ya bega la mumewe, pale ambapo hapakupaswa kuwa na kitu, akaona kidevu cheupe cha mtu wa pili kimelala, na mdomo umesogea sikioni kwa mumewe, na nywele ndefu zimemwagika mpaka sakafuni zikitiririka kuelekea kwenye miguu yake yeye, na kabla hajapata hata pumzi ya kupiga kelele akasikia kifyatulio kikivutwa.

Ta.

Hakukutoka kitu. Risasi zilikuwa kwenye sanduku, ufunguo wa sanduku kiunoni mwake.

"Ni mimi!" alilia. "Mume wangu, ni mimi!"

Bunduki ikashuka. Mpima aliilaza sakafuni. "Nilijua ni mwizi."

"Mwizi ana ufunguo wa mlango? Mwizi anakuita kwa sauti yangu?"

"Ameniambia ni mwizi. Ameniambia amekuja kuchukua mume wa mtu."

Akakaa chini, akalia machozi kabisa, mtu mzima yule. Akamwomba mkewe asimwache peke yake nayo, akasema anampenda, hajui kilichomwingia. Msusi akamkumbatia palepale sakafuni na nguo zake mbichi. Alikuwa bado na mume, ndivyo alivyojua, na hatakubali kumtoa.

Wifi ndiye aliyemleta mganga. Mganga huyo alikuwa mama mnene anayeuza magodoro karibu na soko, mkali, mwenye magoti mabovu, asiyetaka chai wala maneno mengi. Wifi hakukanyaga ndani. Alibaki nje ya geti, kicheko chote kimemwisha.

Muuza Magodoro alinusa chumba cha nyuma, akatikisa kichwa.

"Huyu hakujiingiza," alisema. "Alichaguliwa. Wewe bwana ulitamka mbele ya watu kwamba umemchagua, na yeye akajiona mke. Yule marehemu mwenye bunduki naye alimchagua hivyohivyo. Huwa wana wivu hawa, hawawezi ukewenza. Anachotaka ni mke mmoja tu abaki humu."

"Tuiuze," Msusi alinong'ona. "Tuirudishe dukani."

"Itarudi, au itaondoka yeye abaki humu. Aliyemchagua kwa mdomo amwache kwa mdomo. Utaiweka mezani, bwana, utaitazama, utasema nimekuacha, mara tatu. La tatu ndilo linalofunga. Na usiinue macho. Maneno hayo hayachagui, yanampata mke unayemtazama." Akamgeukia Msusi. "Wewe kaa jikoni. Hata ukisikia nini, kaa jikoni."

Msusi akaenda jikoni. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono katikati ya magoti, akasikiliza.

"Nimekuacha," ilisikika sauti ya mumewe.

Nyumba ilitulia tuli. Kisha yule mwanamke akaanza kulia, kilio kidogo cha mtu aliyeonewa, na harufu ya maua ikapita chini ya mlango wa jikoni. Msusi aliziba pua. Lakini masikio hakuyaziba, na kwa hayo masikio alimsikia mumewe naye akilia.

"Nimekuacha," alisema mara ya pili, na sauti ilimkatika katikati. Alisema kwa upole. Alisema kwa upole ambao mkewe hakuwa ameusikia tangu miaka ya uchumba.

Hapo ndipo Msusi alipoharibu. Angeogopa, angepona. Lakini moyo wake ulikuwa unauliza kitu kimoja tu: anamlilia? Anamlilia yule? Alitaka auone uso wa mumewe, auone tu, ajue machozi yale ni ya hofu au ya mapenzi, na miguu ikamtoa kwenye ndoo, ikampitisha koridoni huku ukuta unavuja jasho na sauti ya yule mwanamke imegeuka kicheko chembamba kinachomkaribisha, na mkono wake ukaushika mlango wa chumba cha nyuma, akasikia Muuza Magodoro akipiga kelele "Usifungue!", na akafungua.

Mpima aliinua macho. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi.

"Nimekuacha."

Lilimpata Msusi kifuani. Alilihisi likiingia, baridi, kisha likatulia. Kicheko kilikoma. Juu ya meza bunduki ilikuwa bunduki tu, mbao na chuma.

Mpima alipangusa machozi, akamtazama yule mwanamke mlangoni kwa heshima, kama unavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba.

"Samahani, mama," alisema. "Unamtafuta nani?"

"Ni mimi." Alimgeukia mganga. "Mwambie ni mimi!"

Muuza Magodoro alikuwa anakusanya vitu vyake. "Nilikwambia jikoni," alisema, na akatoka na magoti yake mabovu kwa kasi ambayo usingeitegemea, akapita uani, akampita wifi getini bila hata kumuaga.

Msusi alimfuata akikimbia pekupeku, kanga imemlegea, nywele zimesimama. Wifi alikuwa bado ameshika nondo za geti.

"Wifi, nisaidie!" aliita. "Njoo umwambie kaka yako!"

Wifi alinyoosha mkono amshike. Wakati huohuo mlango wa mbele ulifunguka, na pale kizingitini akatokea Msusi. Gauni lake lilelile la nyumbani. Nywele zimesukwa vizuri. Uso umechoka kidogo kwa kulia lakini umetulia, na sauti ilikuwa ni ileile anayotaniana nayo na wifi yake kila wiki.

"Usiiguse hiyo, wifi yangu," alisema. "Ndiyo imetolewa sasa hivi. Muda wote ilikuwa imejivika sura yangu. Pita pembeni, uingie ndani haraka."

Wifi aliurudisha mkono. Alimtazama wa mlangoni, akamtazama wa uani.

"Wewe ni nani?" alimuuliza wa uani.

Msusi alifungua mdomo aseme ni mke wa kaka yako. Neno likamkwama. Alikuwa ameachwa, alisikia kwa masikio yake, na kile kitu baridi kilichokaa kifuani hakikumruhusu kusema uongo. Akatikisa kichwa tu, na wifi akalia kwa hofu, akampita kwa mbali akijibana na ukuta, akakimbilia ndani.

Geti likajifunga nyuma ya Msusi wa uani, naye alikuwa nje ya geti bila kujua alitokaje. Kutoka sebuleni alisikia kochi likilia kwa uzito wa watu wawili, kisha sauti ya mumewe ikisema, "Lete miguu, nikukande, umechoka leo." Barabara ilikuwa tupu na giza lilikuwa linaingia. Hata hapo, pekupeku, bila jina la mtu yeyote wa kumwita, hakuhisi hofu hata kidogo. Alishika nondo, akaanza kunusa hewa iliyotoka dirishani, akimtafuta mume wake kwa wivu.