Chai ya Mkono wa Kulia

Nilikuwa nafunga mbao za duka langu la chai, mvua ikinyesha juu ya Mto Zi, dada yangu Guizhen aliponiita kutoka jikoni. Kesho yake tungekwenda kufagia kaburi la mke wangu, Suqin.

"Kaka, usisahau chai yake."

"Chai anayo."

Anayo. Kwetu Anhua maiti hazizikwi mikono mitupu. Nilimwekea bonge la chai katika kiganja cha kulia, nikavikunja vidole vyake kimoja kimoja. Kwenye daraja la kuingilia kuzimu yuko bibi anayewanywesha wafu supu ya kusahau. Mwenye chai huitafuna, na supu haimpati. Nilitaka Suqin anikumbuke. Sikuwa na ombi lingine.

Krrr... krrr...

Kama kucha juu ya ubao.

Nilifungua. Mwanamke. Kofia pana ya mianzi ilimfunika hadi kidevuni. Alinuka udongo mbichi, lakini msimu wa mvua wachumaji chai wote hunuka hivyo.

"Wewe ndiye mwonjaji wa chai?" Sauti ndogo, kavu.

"Ndiye huyo!" Guizhen akadakia kutoka jikoni. "Mpe hata tope, atakwambia ni la mto gani!"

Mgeni hakucheka. Aliweka mezani bonge dogo jeusi.

"Nimejikuta nimelishika," alinong'ona. "Sijui ni la nani. Ukinitajia nyumba lilikotoka, nitajua pa kwenda."

Chai iliyovundikwa miaka mingi hudanganya kwa nje. Ukweli wake uko moyoni. Ndiyo maana bonge nisilolijua silimegi kipande tu. Nililivunja lote, nikalitia kwenye birika, nikamwaga maji ya kwanza ya kuoshea.

Funda la kwanza, moshi wa msonobari. Ya kwetu, basi.

La pili, utamu wa wali, kisha ubaridi wa kafuri kooni. Chai kongwe.

"Ya nani?"

"Subiri kidogo."

La tatu...

Majani ya mchungwa.

Hapa hakuna anayevukiza chai kwa majani ya mchungwa. Suqin peke yake alijaribu, mwaka tuliooana. Alionja, akacheka mpaka akakaa chini. "Chai gani hii, inanuka kama kikapu cha mama mkwe!" Alitengeneza bonge moja tu. Likakaa kabatini miaka yote, mpaka siku nilipolitoa nikamwekea mkononi.

Nilitazama ndani ya birika. Majani yalikuwa yamefumuka, yamepauka.

Nilikuwa nimeimaliza chai yake ya kukumbukia.

"Ni ya mke wangu," nilisema.

"Anaitwa nani?"

"Suqin."

Aliinamisha kofia, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

"Jina zuri," alisema.

Nilimsukumia kikombe cha mwisho kwa mikono miwili. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimekunjana. Vikakunjuka, kimoja... kimoja. Akanywa.

"Suqin. Ni mimi. Youhe."

"Ni maji ya moto tu, bwana," alisema kwa upole. "Samahani, nimekusumbua."

Akatoka mvuani. Niliita hadi sauti ikanikauka, hadi Guizhen akaja kunishika mabega.

"Kaka, unamwita nani? Yule ni mchumaji tu!"

Kesho yake kaburi lilikuwa zima. Nyasi zimeota, udongo haujaguswa. Guizhen anasema huzuni humwonjesha mtu anachokitaka. Huenda. Simbishii.

Lakini tangu jioni ile nakumbuka mambo yasiyo yangu. Nakumbuka kuvushwa mto mgongoni mwa baba mkwe, aliyefariki kabla sijaijua nyumba yao. Nakumbuka nywele zangu ndefu zikisukwa.

Na nakumbuka uso wangu mwenyewe, nikiutazama kutoka chini. Umelowa machozi. Unainama, unavikunja vidole vyangu kimoja kimoja juu ya kitu kigumu.

Kisha kifuniko. Kisha misumari.

Kumbukumbu haiishii hapo. Gizani nasikia kucha zangu juu ya ubao: krrr... krrr...