Tofali Limetoa Sauti

Watu wa Kizwite mnanifahamu. Mimi ni Bertha, nauza maharage pale njia panda, na nyumba yangu imetenganishwa na ya Evaristi kwa ua wa minyaa tu. Haya ninayowasimulia sikuyapata kwa watu. Nilikuwepo upande wangu wa ua, naona na kusikia, na Evaristi mwenyewe ameniomba niyaseme bila kuficha jina lake.

Ilikuwa Jumamosi ya kipupwe, jua limetoka lakini upepo bado unakata masikio. Agnesi, mke wa Evaristi, alikuwa amekaa mkekani anapepeta maharage na binti yao Jovina, wanacheka. Jumapili ya wiki iliyofuata Jovina angepokea Komunio ya kwanza, na gauni lake jeupe lilikuwa limetundikwa ndani, kila aliyeingia lazima aonyeshwe. Kilichobaki ni kumleta bibi yake tu, Otilia, mama mzazi wa Agnesi, anayeishi Mtowisa huko bondeni. Evaristi alikuwa ameahidi kushuka kumchukua kwa pikapu yake, pamoja na mchele wa sherehe.

Evaristi ni mfyatua matofali. Nyumba yangu nimeijenga kwa matofali yake na sina ubaya nayo. Akitaka kujua tofali limeiva au lina ufa wa ndani, haliangalii. Huligonga tu na kusikiliza. Wateja walikuwa wanamjaribu, yeye amegeuka asilione tofali, wao wanaligonga, na hakuwahi kukosea. Lakini gari lake hakulisikiliza hivyo. Lilivuka mito na matope ya bondeni kila masika, na chini halikuoshwa hata siku moja. Springi ya nyuma ilikuwa imechoka, na bolti inayoishikilia ilikuwa imeliwa na kutu mpaka huoni nati inaanzia wapi.

Fundi Baltazari alikuja asubuhi ile, akainama, akaigongagonga, akatikisa kichwa.

"Kaka Evaristi, hii haitaki nguvu. Tuiloweke dizeli, ilale hivyo hivyo. Kesho nakuja na vigogo vya kuegeshea gari, tutaifungua taratibu."

Akaimwagia dizeli, akaenda zake kwenye kazi nyingine.

Sasa nisikilizeni. Evaristi hanywi pombe, hapigi mke, michango ya kanisani hasubiri kukumbushwa. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao wengi wetu tunao: hakuweza kuvumilia kuonekana ameshindwa mbele ya watu. Na watu walikuwepo. Lazaro na Maximilian, wenzake wa kwenye tanuri, walipita kumsalimia wakaanza utani.

"Yaani bolti moja, bwana, ndiyo inakulaza nyumbani?" Lazaro alimuuliza.

"Mwache," Maximilian akadakia, "anasubiri kutu imuombe radhi."

Ulikuwa utani wa kila siku, wa kucheka na kusahau. Evaristi hakucheka. Alileta jeki, akainua gari nyuma, akapanga matofali chini ya chesisi, akaishusha jeki akaiweka pembeni. Agnesi akainuka mkekani.

"Baba Jovina, fundi kasema analeta vigogo."

"Matofali yangu yanabeba nyumba za watu. Yatashindwa na kigari hiki?"

"Nyumba haipigwi nyundo," Agnesi akasema.

Ndugu yangu unayesoma, yasome tena maneno hayo, maana pale uani hakuna aliyeyapokea. Lazaro alisema leo fundi ni mama. Wakacheka wote, na safari hii Evaristi akacheka nao, kile kicheko cha kumfunga mtu mdomo. "Tangu lini umekuwa fundi gari, Mama Jovina?" Agnesi akarudi kwenye maharage yake.

Nati ikapatikana, lakini kila ilipovutwa bolti nzima ilizunguka nayo. Ilibidi mtu alale chini ya gari, ashike kichwa cha bolti kwa spana upande wa ndani, na mwingine avute kutoka nje. Nafasi yenyewe ilikuwa finyu. Lazaro ana kitambi. Maximilian alisema amevaa nguo za kwenda mjini. Evaristi akamtazama mke wake.

"Njoo unishikie spana kidogo."

Agnesi alikaza kitenge kiunoni, akamwambia Jovina aendelee kupepeta, akalala chali na kujisogeza chini ya gari. Mtaniuliza kwa nini aliingia, wakati hatari aliiona kabla ya wote. Mimi nadhani najua. Alikuwa amekwisha kuchekwa mara moja, na hakutaka mume wake aonekane mtu wa kubishiwa na mkewe mbele ya wenzake. Alimpenda, na moyo wangu unaniuma kila nikilikumbuka hilo.

Evaristi alichomeka bomba la chuma kwenye spana ili apate nguvu, akaning'inia. Gari likatikisika. Akapiga nyundo, akaning'inia tena. Ukasikika mlio mmoja mkavu, hata mimi upande wa pili wa ua niliusikia.

"Baba Jovina, tofali limetoa sauti."

"Siyo tofali. Ni kutu inaachia."

"Ni tofali. Nimelisikia hapa hapa sikioni."

"Shika spana, Agnesi. Imebaki kidogo tu."

Akavuta.

Mengine sitayaeleza sana. Tofali lilipasuka na gari likakaa chini. Tulikimbia sote, tukalinyanyua kwa mikono, sijui tulipata wapi nguvu zile. Evaristi alimtoa mke wake akamlaza mkekani, juu ya maharage. Kifipa chao kilikuwa cha ndani ya nyumba. Mbele za watu waliongea Kiswahili. Siku hiyo alimsemesha Kifipa mbele yetu sote, anamsihi, anamwita jina lake la usichana. Agnesi aliomba kitu kimoja tu, kwamba Jovina aondolewe asitazame. Alikata roho kabla hatujafika hospitali.

Kesho yake Bibi Otilia alipanda kutoka Mtowisa kwa lori la mpunga. Alilikuta lile gauni jeupe limetundikwa. Alilishusha, akalipakata, akakaa nalo hivyo mpaka wakati wa kwenda makaburini.

Lakini kabla ya hapo ilibidi gari liondolewe, maana lilikuwa limeziba njia na jeneza lisingepita. Baltazari alikuja na vigogo vyake akaliegesha. Ili springi ifungwe upya na gari lisukumike, akatia spana kwenye ile bolti iliyokuwa imelala kwenye dizeli, akazungusha kwa mkono mmoja, nayo ikafuata. Waombolezaji walikuwa wanatazama. Evaristi alinyoosha mkono akapewa ile bolti.

"Imetoka," alisema. "Hata haikubisha." Kisha akakaa chini, pale pale penye mafuta.

FUNZO

La kwanza ni la mikono. Usilale chini ya gari lililoegeshwa kwenye matofali, hata kama umeyachoma mwenyewe. Tofali hubeba mzigo uliotulia. Ukianza kugonga na kuvuta, linapasuka. Loweka bolti, tafuta vigogo vya mti mgumu, na kama fundi amesema kesho, basi iwe kesho.

La pili ni zito zaidi. Aibu ya kushindwa na bolti inaisha kabla hata wenzako hawajafika kwao. Mtu aliye chini akisema amesikia kitu, acha kuvuta. Mtoe kwanza, halafu mbishane akiwa amesimama mbele yako. Na ninyi wenye utani, angalieni mnamtania nani na ameshika nini mkononi.

Jovina alipokea Komunio mwaka uliofuata, gauni limeshamfupia. Baba yake ndiye aliyemvalisha. Evaristi hafyatui tena matofali. Juzi nilimkuta amesimama uani, nikataka kumfariji. Nikamwambia asijitese, ile sauti mtu yeyote angedhani ni kutu.

"Mtu yeyote, ndiyo," akanijibu. "Lakini mimi, Bertha, nilijua ni tofali."