Mwalimu Asiyejua Kichangana

Soko la Xipamanine, hapa Maputo, Jumamosi halina adabu. Ukisimama unasukumwa, ukitembea unakanyagwa. Nércia alikuwa ameinamia rundo la mitumba, gauni la njano, kanga ya kapulana kiunoni, akichambua soksi za watoto. Kijana mmoja mrefu mwenye miwani akasimama hapo akimchekelea.

"Dada, una watoto wangapi?"

"Arobaini na mmoja. Kama huna kazi, shika hili fungu."

Akashika. Soksi zilikuwa za kushonea vikaragosi vya kufundishia Kiingereza darasa la tatu, na kijana huyu, Belmiro, kumbe ni mtafiti wa chuo kikuu anayechunguza jinsi watoto wadogo wanavyojifunza lugha hiyo hiyo. Basi wakapendana. Kila jioni bajia, kila jioni vicheko, na muda si muda Belmiro akahamishia utafiti wake darasani kwa Nércia.

Hapo ndipo palipoharibika, na mimi huwa nauliza nani alimtuma. Utafiti ule ulikuwa na sharti: mwaka mzima, mbele ya watoto, mwalimu ajifanye hajui Kireno wala Kichangana. Watoto wa mwaka mpya, wasiomjua, waliambiwa katoka Durban. Wakikosa njia nyingine, alisema Belmiro, watazungumza Kiingereza. Na kweli walizungumza. Lakini Nércia alichoka. Akikutana na mwanafunzi sokoni, inabidi anunue nyanya kwa kuonyesha vidole. Akimpigia simu mchumba wake apate kupumua, mchumba anauliza habari za wanafunzi: "Leocádia amezungumza leo?"

"Belmiro, unanipenda mimi au unapenda darasa langu?"

"Vyote, malaika wangu. Vumilia hadi Novemba. Nikimaliza tu, wajomba zangu wanakuja kwenu kuposa."

Leocádia ndiye aliyekuwa akizungumza kuliko wote. Asubuhi moja akaingia analia, akamng'ang'ania Nércia sketi, akasema kwa Kichangana, "Mwalimu, mama kapelekwa hospitali. Haamki."

Nércia akainua macho. Nyuma ya darasa, Belmiro, kamera mbele yake, akatikisa kichwa. Basi Nércia akamkodolea mtoto macho kama asiyeelewa, akamwambia kwa Kiingereza akae kitini.

Tangu siku hiyo Leocádia hakufungua mdomo darasani, kwa lugha yoyote.

"Mtoto amenililia," Nércia alisema kwenye simu, "nikajifanya mjinga. Kwa ajili yako."

"Mpenzi, ni kazi ya miezi saba. Ukivunja sharti mara moja tu, hakuna kinachobaki."

"Basi kaioe hiyo miezi saba. Wajomba zako wasije."

Akakata. Belmiro akapiga, akapiga tena. Simu ikaita mpaka ikachoka. Nércia alikuwa anaosha vyombo huku machozi yanamtoka, hasira imemjaa, na kinachomuudhi zaidi ni kwamba bado anampenda huyo bwana.

Jumatatu Belmiro alifika mapema, shati halijapigwa pasi, akasimamisha kamera yake. Nércia akampita bila salamu. Alikwenda moja kwa moja kwenye dawati la Leocádia, akapiga magoti, akasema kwa Kichangana, "Mama anaendeleaje, mwanangu?"

Leocádia alimtazama.

"Kumbe siku ile ulinielewa."

Belmiro alizima kamera, akaja, akapiga magoti pembeni ya Nércia.

"Mimi ndiye niliyemkataza," alisema, kwa Kichangana hicho hicho. "Kosa ni langu."

"Na wewe ulielewa?"

"Nilielewa."

Mtoto akawatazama wote wawili. "Mama ameamka," alisema. "Lakini nyinyi siwaambii kitu tena." Akageukia ukuta.

Wakabaki pale sakafuni, watu wazima wawili, watoto arobaini wanawakodolea macho. Nércia alimnong'oneza bila kumtazama.

"Bado unataka kuleta wajomba?"

"Ukiniruhusu, hata kesho."

"Mwombe msamaha huyu kwanza. Akikusamehe, waje."

Belmiro akavua miwani, akaanza kuomba. Aliomba vizuri, kwa lugha ya nyumbani kwao. Leocádia alikuwa bado amewapa mgongo.