Beseni la Mama Sixbert

Huko Matogoro, pale nyumba zinapokaribia msitu, mtoto hazaliwi bila Mama Sixbert kuitwa. Jina lake la ubatizo ni Kunegunda, lakini siku hizi analikumbuka padri peke yake. Yeye ndiye anayeogesha watoto wachanga wa mtaa mzima. Akisikia tu kwamba fulani amejifungua, hubeba beseni lake la bluu, akatia sabuni ndani na kutoka. Amewaogesha watoto ambao leo wana ndevu.

Kwa hiyo hakupenda kuelekezwa. Mwaka jana Oliva, nesi wa zahanati, alimwambia, "Mama, mtoto akizaliwa asiogeshwe siku ya kwanza. Akaushwe vizuri, alazwe kifuani kwa mama yake apate joto."

Mama Sixbert alirudi nyumbani amenuna.

"Katoto kale!" alimwambia mumewe, mzee Beda. "Mimi ndiye niliyemwogesha. Leo ananifundisha kazi?"

Beda alichukua jembe lake akaelekea shambani. Alikuwa ameishi na mkewe miaka thelathini na saba, na alijua wakati wa kunyamaza.

Wazee hao walikuwa na shamba la mahindi, kuku kadhaa na mbwa mmoja jike aliyeitwa Tulia. Beda alimpa jina hilo kwa sababu alikuwa hatulii. Ngedere wakishuka kutoka msituni kuiba mahindi, Tulia aliwakimbiza mpaka wakajuta. Lakini sasa umri ulikuwa umemwendea, na mguu mmoja wa nyuma ulikuwa unamsumbua. Tulia alipopata mimba, Mama Sixbert alifurahi sana.

"Huu ni uzazi wake wa mwisho," alisema. "Tukikosa mrithi wa Tulia, mahindi yetu tuwaachie ngedere wavune wenyewe."

Tulia alizaa asubuhi moja ya mwezi wa sita. Ukungu ulikuwa umefunika kilima, na baridi ilikuwa ile ya kumfanya mtu akumbatie sufuria ya chai. Alizaa watoto sita juu ya gunia, kwenye kona ya jiko la nje. Wote walikuwa hai. Alikuwa akiwalamba mmoja mmoja.

"Yesu na Maria, uchafu gani huu!" alisema Mama Sixbert. "Ngoja nikusaidie, mzazi mwenzangu."

Akafanya kazi anayoijua. Alichemsha maji, akayapooza, akaleta beseni la bluu. Aliwaogesha wote sita kwa sabuni, akawafuta, akawafunga vipande vya kanga kuukuu. Kisha akawalaza kwenye tenga sebuleni na kufunga mlango ili mama yao apumzike. Kila mara alimlaza mmoja chali kiganjani, kama mtoto wa mtu, akamdondoshea maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Nje, Tulia alikwaruza mlango na kulia.

"Subiri na wewe," Mama Sixbert alimwambia, akamtupia tonge la ugali wa jana.

Asubuhi ya pili alifungua tenga. Wawili walikuwa wamekufa. Wanne waliobaki walikuwa wanalia kwa sauti nyembamba, huku wakiharisha. Mama Sixbert aliwafunika wale wafu kwa kanga. Wazima aliwabeba haraka akawarudisha kwenye gunia la mama yao.

Tulia aliwanusa. Akamuuma mmoja shingoni taratibu, akambeba mpaka chini ya kihenge cha mahindi, mahali pembamba ambapo mtu hafiki. Akarudi kumchukua wa pili, kisha wa tatu. Wa nne, jike mdogo kuliko wote, alimwacha. Mama Sixbert aliinama kuchungulia chini ya kihenge, na Tulia akamngurumia.

Kwa miaka tisa Tulia hakuwahi kumngurumia. Mama Sixbert alikaa chini palepale kwenye vumbi.

"Baba Sixbert," alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Ananiogopa. Mimi niliyelea watoto wa mtaa mzima nimeua watoto wa mbwa wangu."

"Hukukusudia," alisema Beda. "Ngoja nimpigie simu Zulfa."

Zulfa alikuwa afisa mifugo wa kata, binti wa Tunduru, na kila mwaka alikuja kuchanja kuku wao. Haikupita saa moja, pikipiki yake ilisimama uani. Alishuka na mabuti yake ya mpira.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu," alisema Beda. Hata siku ya msiba hakuweza kuacha utani. "Ila mwenzetu Mwislamu, mbwa utamshika?"

Zulfa alicheka huku akivaa glavu. "Nyumbani kwetu hatufugi mbwa, baba. Lakini naye ni kiumbe cha Mungu, glavu ninazo, na maji ya kunawa mtanipa. Mgonjwa yuko wapi?"

Mama Sixbert alimwonyesha yule mdogo. Alikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na mdomo wake ulifunguka mara mojamoja.

"Nimpe maziwa kwanza," alisema, akinyoosha kijiko. "Ana njaa."

"Hapana, mama, usimpe. Akiwa na baridi hivi, tumbo halisagi kitu. Kwanza joto, chakula baadaye. Na joto liingie polepole, asiwekwe karibu na moto. Mweke kifuani, ndani ya nguo."

Mama Sixbert alimtazama. "Wapi?"

"Kifuani, mama. Ngozi yako ndiyo itakayompasha."

Alikumbuka maneno ya nesi, akaona aibu. Alimwingiza yule mdogo ndani ya blauzi, akajifunga kitenge juu yake. Wakakaa. Chai iliyoletwa ikapoa bila kuguswa. Jua lilikuwa limeshapasua ukungu Mama Sixbert aliposhtuka na kuweka mkono kifuani.

"Anatikisika! Zulfa, anatikisika!"

"Alhamdulillah. Sasa niambie, mama, na usinifiche. Mliwafanyia nini?"

Mama Sixbert alimweleza yote, tangu beseni mpaka kijiko. Zulfa hakumkemea.

"Mtoto wa mbwa hawezi kujipasha joto mpaka afikishe kama wiki mbili," alisema. "Ukimwogesha, hata kwa maji ya uvuguvugu, unamwondolea joto alilonalo. Ule ulimi wa Tulia ulioudharau ndio sabuni na taulo lao. Akiwalamba tumbo ndipo wanapokojoa na kujisaidia."

"Kumbe! Na maziwa je? Nilipasha vizuri kabisa."

"Ya ng'ombe huwaharisha. Na ukimlaza mtoto wa mbwa chali, maziwa yanaingia kwenye mapafu. Yeye hunyonya amelalia tumbo. Tena siku ya kwanza mama yao hutoa dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo. Hayo ndiyo kinga yao. Ninyi mliwafungia mlango."

"Na huyu, mbona alimwacha?"

"Alimkuta baridi, akadhani amekufa. Mama, Tulia hakuchukii. Anawaficha wanawe. Mpe sababu ya kukuamini tena."

Mchana ule kazi ilianza. Beda alitengeneza boksi la mbao lenye ukingo mfupi, ili Tulia aingie na watoto wasitoke. Wakatandika gunia kavu na matambara safi. Upande mmoja waliweka chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa kizito. Wakaliweka boksi karibu na kihenge, mahali pasipo na upepo. Tulia akapewa ugali na dagaa na maji ya kutosha, mara tatu kwa siku, maana alikuwa ananyonyesha. Kisha watu wote wakaondoka pale.

Jioni Tulia mwenyewe aliwahamishia watoto wake kwenye boksi. Mama Sixbert alisogea bila haraka, akanyoosha kiganja chenye yule mdogo, ambaye baada ya kushinda kifuani mwake sasa alikuwa na joto na analia njaa. Tulia alimnusa kwa muda mrefu. Kisha Tulia akatoa ulimi, akamlamba mtoto, na akalamba na mkono uliombeba.

Yule mdogo akapewa jina la Joto.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kwa Mama Sixbert, maana kazi yake ilikuwa kutofanya kitu. Alibadilisha matambara, akanawa mikono kwa sabuni, akakaa mbali kidogo.

"Beseni linakuita," Beda alimchokoza.

"Lilale huko huko!"

Siku ya kumi na mbili macho ya Joto yalifunguka. Zulfa alikuja na dawa ya minyoo, ya mama na ya watoto, na akarudi tena baada ya wiki mbili. Walipofikisha mwezi walianza kulambishwa uji mwepesi wa dagaa. Jirani mmoja alitaka kuchukua wake mapema, lakini Mama Sixbert alimkatalia mpaka wiki nane zikatimia. Wawili waliondoka, wawili wakabaki. Walipofikisha miezi mitatu, wote wanne walichanjwa kichaa cha mbwa, na Zulfa akaandika kadi ya kila mmoja ili chanjo irudiwe kila mwaka. Msimu wa mahindi mabichi, ngedere wa kwanza alipokanyaga shambani, Joto ndiye aliyetangulia kubweka.

Mwezi huohuo Jane, mke wa mwanawe Sixbert, alijifungua mtoto wa kiume zahanati. Mama Sixbert alifika akihema, beseni la bluu kichwani. Nesi Oliva aliliona tangu mlangoni. Akasimama mbele ya kitanda cha mzazi.

"Mama, nakuomba leo tusigombane. Mtoto..."

Mama Sixbert alitua beseni miguuni pake. Halikuwa na maji wala sabuni. Ndani mlikuwa na kofia ndogo ya sufu, soksi na kitenge kipya.

"Kifuani kwa mama yake, si ndivyo ulivyosema?" aliuliza. "Basi sogea, mwanangu, nimfunike mjukuu wangu."