Picha Mbili kwa Wiki Moja

Mukasine wa Rugerero ana miaka sabini na mbili, na sokoni hapunjwi na mtu. Akitajiwa bei Gisenyi, huvuka mpaka wa Rwanda na Kongo akaulize na Goma. Basi hata tumbo lilipomuuma, alifanya vilevile!

Jumatatu binti yake alimpeleka hospitali moja ya Goma. Akapigwa picha ya skana, akachomwa mshipani dawa ya rangi ili viungo vya ndani vionekane vizuri. Akaambiwa ana mawe kwenye kifuko cha nyongo. Hakuamini. Alhamisi akaenda hospitali ya Gisenyi, picha za Goma kazificha kwenye mfuko. Nione kama watasema sawa, alijiambia. Mjanja kweli!

Katika chumba cha skana alimkuta Protais, mpiga picha aliyekulia Tanzania.

"Shikamoo, mama. Umepigwa picha kama hii karibuni?"

"Hapana, mwanangu. Sijapigwaka."

"Unatumia dawa gani?"

"Ya sukari tu."

Protais akaweka sindano chini. "Basi tupime damu kwanza. Dawa ya rangi hutolewa na figo. Kwa mzee mwenye sukari, figo huenda zimechoka. Akichomwa mara mbili kwa siku chache, zinaweza kuumia vibaya."

Mukasine akaingiza mkono kwenye mfuko wa picha. Tangu juzi alikuwa anakojoa kidogo sana.

"Yesu wangu! Mi nilidanganya. Picha ya Jumatatu iko hapa. Sasa nitakufa?"

"Hufi, mama. Umesema mapema."

Damu ikapimwa. Kweli, figo zilikuwa zimedhoofika. Daktari Umwali akamtundikia maji, akamsimamishia dawa ya sukari kwa muda, hadi figo zipate nguvu. Kisha akaziangalia picha za Goma. Zilikuwa safi, na mawe yalionekana; hakukuwa na haja ya picha nyingine.

"Skana si adui," alisema Umwali. "Ikihitajika, inaokoa maisha. Lakini taja magonjwa yako, dawa zako na kila picha uliyopigwa."

"Bon, lakini nitajua aje nani anasema kweli?"

"Mpe daktari wa pili picha ileile, umuulize anaona nini."

Baada ya wiki alipimwa tena. Figo zilikuwa zimepata nguvu, na siku ya kutoa mawe ikapangwa. Mukasine akaenda moja kwa moja kwa Protais, akamshika mikono yote miwili.

"Uliniuliza mara moja, mi nikadanganya. Sisi wazee, utuulize mara mbili!"

Protais alicheka sana. Lakini tangu siku hiyo, anauliza mara mbili.