Farasi wa Asa Pruitt

Alfajiri Lucinda Tackett alifungua banda akamkuta farasi ameloa jasho chapachapa, povu mdomoni, kwato zimejaa matope mabichi. Komeo lilikuwa mahali pake, kwa nje, kama alivyolitia mwenyewe jioni. Mwingine angepiga yowe. Lucinda alikuwa mwanamke wa milima ya Tenesii, huko Marekani, na vita vilikuwa vimekwisha kumlia kaka na ng'ombe. Akachukua tambara, akamfuta farasi.

Mumewe Obadia alikuwa amerudi majuzi kutoka vitani, upande wa Kusini ulioshindwa, hana hata kiatu cha maana, ana huyo farasi jike wa rangi ya kutu tu. Katika jeshi lao kila mpanda farasi alikwenda na farasi wake kutoka nyumbani. Farasi akifa, utafute mwingine, la sivyo unatupwa kwa askari wa miguu, wale waliokufa kama nzige. Farasi wa Obadia alikufa. Huyu, alisema, aliachiwa na rafiki yake Asa Pruitt akikata roho.

"Alinishika mkono, Cinda, akaniambia, mchukue, ndugu yangu."

Alilisimulia hilo kanisani, akalisimulia kwa mhunzi, na kila aliposimulia maneno ya marehemu yalizidi urefu. Nani wa kumbishia? Bila farasi plau haiendi, bila plau hakuna mahindi, na pipa la unga lilikuwa limeanza kuonyesha kitako. Binti yao Permelia alikuwa amekwisha kujifunza kulala bila kuulizia chakula.

Jioni hiyo, wakila mkate wa mahindi, kitu kilitembea darini. Kwa kila hatua chuma kililia.

"Panya," Obadia akasema.

"Panya gani huyo anavaa vyuma vya visigino vya kumchoma farasi mbavuni, Bwana Tackett?"

Obadia hakucheka. Harufu ikashuka kati ya mbao, ya ngozi iliyoloa na jasho la farasi, na chini yake harufu ya kidonda kilichooza. Kisha mluzi, taratibu, na kule bandani farasi akaitika kwa furaha, kama mbwa aliyemsikia bwana wake.

Kesho yake mchana Lucinda akamleta Bibi Keziah, mkunga na mganga wa milima ile, kikongwe mwenye kiko kilichozimika tangu zamani lakini hakitoki mdomoni. Akalaza ufagio kizingitini, akainua uso darini.

"Wewe uliye juu, unataka nini kwa watu hawa?"

Jua lilikuwa linawaka nje, kuku wanaparua, lakini mle ndani baridi ilishuka mpaka moto wa jikoni ukalala, na mbao za dari zikaanza kupinda moja baada ya nyingine zikiufuata uzito uliokuwa ukija juu ya kichwa cha Obadia, ukaja, ukasimama, na sauti ya mtu mwenye damu kooni ikasema, kwa upole wa rafiki kabisa:

"Obi. Nilikuwa bado hai. Ungenipandisha na mimi."

Permelia akajificha kwenye sketi ya mama yake. Obadia alitazama mikono yake.

"Mrudishe farasi kwa mama yake Asa," Bibi Keziah akanong'ona. "Leo hii."

"Nikishapanda mahindi, Bibi."

"Marehemu hajui msimu, mwanangu."

"Basi na asubiri. Ana haraka ya kwenda wapi?"

Kikongwe akamgeukia Lucinda. Neno moja la mke lingetosha. Lucinda akatazama pipa la unga, akafunga mdomo.

"Haya," Bibi Keziah akasema, akiokota ufagio wake. "Lakini mpanda farasi hatembei kwa miguu. Akimkosa huyo farasi, atapanda chochote."

Siku chache baadaye farasi, aliyelima mchana na kukimbizwa usiku, alianguka katikati ya shamba, akafia kwenye kamba za plau. Wakamzika. Nyumba ikatulia, na Lucinda, Mungu amsamehe, alishukuru.

Asubuhi yake kitanda upande wa mume kilikuwa kitupu na kimeloa. Alimkuta shambani. Pembe za mdomo wake zilikuwa zimechanika mpaka mashavuni, mgongo umechubuka mahali pa tandiko, mbavu zina vishimo vya damu mbichi. Alikuwa amesimama mbele ya plau, ameingia mwenyewe katika kamba, anangoja.

"Obadia! Mume wangu, nijibu!"

Akapuliza pumzi puani, akakwaruza udongo kwa mguu.

Nusu ya shamba ilikuwa bado haijalimwa. Mlangoni Permelia alikuwa amesimama, miguu kama vijiti. Lucinda alilia mpaka machozi yakamwishia, kisha akashika mipini, akazungusha hatamu shingoni mwake mwenyewe, akasema kwa sauti ndogo, "Twende."

Akaenda. Na mtaro wake ulinyooka kuliko wa farasi.